Kulea Mtoto wa Watu: Mwongozo wa Dada wa Kazi Tangu Siku ya Kwanza

Mwongozo huu ni wa dada anayekwenda kukaa kwenye nyumba ya watu mjini kulea mtoto wa chini ya miaka mitano. Mifano ni ya Dar es Salaam na sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake ya ajira), lakini habari za uji, homa na mtoto anayemlilia mama hazibadiliki sana ukiwa Mombasa au Bujumbura. Kazi hii huvunjika zaidi kwa mambo yasiyosemwa mapema kuliko kwa uji ulioungua. Kwa hiyo tunaanza na maneno, ndipo tufike jikoni.

Hatua ya 1: Elewaneni kabla hujapanda basi

Kazi ikiletwa na dalali, jirani au hata shangazi yako, omba kuongea kwa simu na mama mwenye nyumba mwenyewe ungali Singida au Iringa. Dalali anataka mkubaliane haraka apate chake. Wewe atakwambia mtoto ni mmoja, na mama ataambiwa unajua kupika kila kitu. Ukishuka stendi ya Magufuli ndipo pande zote mbili mnashangaana.

Uliza haya:

- Watoto ni wangapi, wana umri gani, na nani wengine wanakaa humo ndani?
- Nauli analipa nani, na je, itakatwa kwenye mshahara?
- Mshahara ni kiasi gani, tarehe ngapi, na unaingia kwenye simu ya nani? Uingie kwenye yako, si ya dalali wala ya mjomba.
- Mbali na mtoto kuna kufua, kupika, kupiga pasi? Nguo za nani?
- Utalala wapi, na mlango unafungwa kwa ndani?
- Siku ya kupumzika ni ipi?

Swali la mwisho wengi huliona aibu kuliuliza. Usione aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani wa ofisini: saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa majumbani hutangazwa na serikali, na anayekaa kwa mwajiri ana kiwango tofauti na anayekwenda na kurudi. Mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na kama husomi vizuri, akueleze mpaka uelewe. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa.

Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na wote wawili inatosha kwa kuanzia. Kila mmoja abaki na nakala. Kitambulisho chako cha NIDA mpe nakala, halisi kaa nacho mwenyewe. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji na jina la mdhamini ni vitu vya kawaida kuombwa, usivichukulie kama kudharauliwa.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza usikimbilie kufua

Dada wengi hufika wakashika ufagio ili waonekane wachapakazi. Siku ya kwanza kazi yako ni kuijua nyumba. Mwombe mama mzunguke pamoja akuonyeshe gesi inavyofungwa kwenye mtungi (si kwenye jiko tu), umeme unavyozimwa kwenye swichi kubwa, funguo za geti na za milango ya madirisha, dawa zilipo, na kadi ya kliniki ya mtoto ilipo. Hiyo kadi ndiyo utakayoibeba mkienda hospitali.

Andika namba kwenye karatasi, uibandike kwenye friji: mama, baba, jirani wa karibu, bodaboda au bajaji anayeaminiwa na nyumba hiyo, na hospitali ya jirani. Ongeza 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Namba zikiwa kwenye simu tu, chaji ikiisha huna kitu. Halafu jifunze kuielekeza nyumba kwa maneno: mtaa, barabara, duka au msikiti wa karibu, rangi ya geti. Jaribu kwa sauti mbele ya mama. Mgeni wa mji akipatwa na hofu usiku hushindwa kusema yuko wapi.

Kuhusu mtoto, uliza kuna chakula kinachomdhuru, kuna dawa anayotumia, maji na choo anaviitaje, analazwa vipi, na nani wanaruhusiwa kumchukua shuleni au getini. Orodha ya hao watu iwe imefungwa. Akija mtu anayesema ni baba mdogo na hayumo kwenye orodha, unapiga simu kwanza, geti likiwa limefungwa. Akikasirika, akasirike. Mzazi mwenye akili atakushukuru.

Hatua ya 3: Mwache mtoto akufuate yeye

Kuanzia kama miezi minane hadi mwaka na nusu hivi, mtoto huogopa sura ngeni. Ni dalili kwamba anawajua wake na asio wake. Ukimnyakua mikononi mwa mama saa ile ile uliyofika, umejitambulisha kwake kama mtu anayemwondoa kwa mama.

Kaa chini, sakafuni, hatua mbili tatu kutoka alipo. Shika kitu, kikombe na kijiko vinatosha, ucheze nacho bila kumtazama sana. Atasogea. Akikupa kitu, kipokee na umrudishie. Mbebe pale atakaponyoosha mikono au atakapokuegemea mwenyewe. Kama mama anaweza kubaki nyumbani siku mbili tatu za mwanzo, mwombe: siku ya kwanza yeye anamlisha wewe ukiwepo, ya pili wewe unamlisha yeye akiwepo, ya tatu anatoka kwa saa moja.

Asubuhi ya kwenda kazini mama aage. Kutoroka mtoto akiwa bafuni kunaleta utulivu wa siku moja na kilio cha wiki mbili, kwa sababu mtoto anajifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, basi anamganda kila saa. Kuaga kuwe kufupi na kwa maneno yale yale kila siku: "Mama anakwenda kazini, atarudi ukishaoga jioni." Akilia, mbebe mgongoni kwa khanga, tembea naye uani, mwonyeshe kuku, mwimbie. Usimwambie "nyamaza, hakuna kitu". Kwake kitu kipo. Usimnyamazishe kwa simu pia. Shirika la Afya Duniani halishauri mtoto wa chini ya miaka miwili kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Dada anayezoea kuwasha katuni kila mtoto akilia hujikuta mwezi wa pili hana namna nyingine ya kumtuliza.

Kinachomtuliza kuliko vyote ni mfuatano. Mtoto hajui saa, anajua kinachofuata nini: kuoga, uji, kucheza nje, kulala, chakula, matunda, kucheza, kuoga, mama. Ukiupangua kila siku, atakuwa mkali na wewe utachoka. Usingizi nao uhesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mto, ndani ya chandarua.

Hatua ya 4: Maziwa na uji

Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mtoto mmoja. Maana yake mama wengi hurudi kazini mtoto akiwa hajafika hata miezi mitatu, wakati anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Pengo hilo linazibwa na wewe, na maziwa aliyoyakamua.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa nje saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25. Dar es Salaam joto liko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo yaende kwenye friji mara moja. Humo yanakaa hadi siku 4, nyuma kabisa ya friji, si mlangoni ambako joto hupanda kila mkifungua. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo. Kila chombo kiandikwe tarehe na saa, na ya zamani yatangulie. Kupasha moto, kitumbukize chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe jikoni wala kuyaweka kwenye maikrowevu, ambayo huacha sehemu nyingine baridi na nyingine zinazounguza kinywa. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani: usihisi baridi wala moto. Yaliyobaki baada ya kunywa, saa mbili zikipita, mwaga. Inauma kumwaga, lakini yaliyoguswa na mate huharibika haraka. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa sababu chuchu na kona za chupa ni ngumu kusafisha. Akimaliza, mweke begani mpaka abeue.

Kama ni maziwa ya kopo, fuata kipimo cha kopo hilo hilo: maji yaliyochemshwa kwanza, kisha unga, kijiko kikiwa sawasawa bila kilima. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumshindisha mtoto njaa huku tumbo limejaa. Mwambie mama kopo linaisha, mapema.

Mtoto akitimiza miezi sita uji unaanza. Kosa kubwa hapa ni uji mwepesi kama maji, eti ashushie vizuri. Tumbo lake ni dogo, maji yakilijaza hakuna nafasi ya chakula. Anza na vijiko 3 vya chakula vya unga kwa kikombe 1 cha maji (mililita 250), kisha rekebisha: ukiinamisha kijiko uji uteremke polepole, usikimbie. Koroga unga na maji baridi kwanza, upike kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, zaidi kama una soya. Ukiepua, tia kijiko cha karanga zilizosagwa au mafuta.

Unga wa lishe wa kuchanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga vyote kwenye mfuko mmoja hauna faida watu wanayodhani. Nafaka mbili na aina moja ya kunde zinatosha. Karanga zikae pembeni, kwa sababu mafuta yake huchachuka na kuharibu unga wote. Halafu kuna sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kuchemsha hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, tupa.

Kiasi: miezi 6 hadi 8 anza na vijiko 2 au 3, upande mpaka nusu kikombe, mara 2 au 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe mara 3 au 4. Mwaka mmoja kwenda juu, robo tatu hadi kikombe kizima, na matunda katikati. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, hata kidogo, hata bibi akisema. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Sasa jambo ambalo tunaomba ulisome mara mbili. Kuna mtindo wa kumlaza mtoto chali, kumziba pua na kummiminia uji. Mtoto aliyezibwa pua lazima avute pumzi kwa mdomo, na uji unakwenda mapafuni. Wapo waliokufa hivyo. Mtoto akae wima, umtazame, mpe kijiko, subiri ameze. Akigeuza uso, pumzika, jaribu tena mara mbili. Dakika 30 zikifika, toa sahani bila ugomvi na mpe tena baada ya saa mbili. Kama mama anakulazimisha sahani iishe, mwonyeshe daftari (linakuja hapo chini) lenye kiasi alichokula wiki nzima. Mzazi hutulia akiona namba.

Karanga nzima, bisi na pipi ngumu mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe. Dagaa na samaki watolewe miiba. Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, chukua hatua hapo hapo. Wa chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, mgeuze, mbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara 5, rudia. Wa zaidi ya mwaka mpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake umbane juu ya kitovu kwa ngumi, ukivuta ndani na juu, mara 5. Paza sauti jirani aje. Usitie kidole kooni bila kuona kitu.

Hatua ya 5: Vitu vinavyoua ndani ya nyumba

Ndoo. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa kizito. Akichungulia ndoo yenye maji ya kina cha kiganja anaweza kutumbukia na asiweze kujiinua, na hatapiga kelele. Ndoo zifunikwe kwa mfuniko unaobana au zikae bafuni mlango umefungwa. Kwenye beseni la kuogea usimwache hata kwenda kuchukua taulo. Maji ya baridi yatangulie, ya moto yafuate, upime kwa kiwiko.

Mafuta ya taa na jiki kwenye chupa za soda au maji. Viondoe siku ya kwanza, viwekwe juu. Mtoto akinywa, usimtapishe wala kumpa maziwa, maana kutapika kunapeleka mafuta mapafuni. Mkimbize hospitali na hiyo chupa mkononi.

Chupa ya chai na sufuria zikae katikati ya meza isiyo na kitambaa cha kuvuta, na mishikio ya sufuria igeukie ukutani. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, au ya kumiminia kwa kopo kama bomba halitoki. Dawa ya meno, asali, mafuta na unga wa ngano hufungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kubandua.

Na gari linaporudi nyuma uani: dereva hamwoni mtoto. Ukisikia injini, uwe umembeba.

Hatua ya 6: Homa na kuhara

Kipima joto kikisoma 38 au zaidi, piga simu kwa mama kwanza, usimpe dawa kwa makisio. Malaria ipo, apimwe ndani ya saa 24. Usisubiri simu ipokelewe kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, au amelegea na haamki sawasawa. Chukua kadi, chukua bajaji, piga simu mkiwa njiani.

Akihara, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini): pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, yaliyochemshwa na kupoa. Wa chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kila akihara, kijiko kwa kijiko. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Aendelee kunyonya na kula. Kituo cha afya watampa na zinki, imalizike siku zote walizosema, hata kuhara kukikoma.

Hatua ya 7: Daftari la shilingi chache

Kila siku mistari minne au mitano:

*Jumanne. Uji saa 2 asubuhi, nusu kikombe. Wali na maharage saa 7, vijiko 6. Kalala saa 8 hadi 10. Choo mara 2, kawaida. Kaanguka kwenye ngazi saa 11, kagonga paji la uso, kalia dakika chache, nimemkanda kwa barafu, kacheza. Nepi zimebaki 9.*

Tazama mstari wa kuanguka. Mtoto huanguka hata kwa mama yake mzazi. Kinachofukuzisha kazi ni mama kugusa uvimbe usiku ambao hakuambiwa. Piga simu saa ile ile, sema ilivyokuwa bila kujitetea. Akianza kutapika au kusinzia kupita kawaida baada ya kugonga kichwa, hospitali.

Pesa ya sokoni na gengeni iandikwe humo humo, na chenji irudi siku hiyo hiyo hata kama ni shilingi mia.

Hatua ya 8: Watu wa nyumba

Mama akirudi jioni, mpe mtoto, jitoe nusu saa. Mama aliyeshinda kazini halafu mtoto akamkataa mbele yako ameumia, na uchungu huo huweza kukugeukia. Mtoto akikuita mama, usicheke wala usimkaripie: "Mimi ni dada. Mama anakuja jioni." Aendelee kukuita dada au anti, kwa heshima, na wazazi walisimamie hilo.

Bibi akija kukaa wiki mbili na kubadilisha kila kitu, usibishane naye. "Sawa bibi, ngoja nimuulize mama ili nisikosee" ni jibu linalomheshimu na kukulinda. Amri za kudumu zitoke kwa mtu mmoja. Zikigongana, waombe wazazi wakae waongee.

Usimchape mtoto, hata ukiruhusiwa. Leo ni kofi la ruhusa, kesho linaacha alama na ruhusa inasahaulika. Wa miaka miwili anayetupa vitu mwondoe mahali hapo, mshike mikono, mwambie kwa maneno machache, mpe kitu kingine. Kumtisha kwa zimwi, polisi au sindano kunamfanya asilale, na siku ya kliniki wewe ndiye utakayepata tabu. Ukihisi hasira imepanda, mweke mahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, rudi.

Picha za mtoto na za nyumba usiweke kwenye hali ya WhatsApp bila ruhusa. Ugomvi wa baba na mama ukiusikia, umeishia hapo.

Ukiguswa vibaya au kutongozwa na mtu yeyote wa nyumba hiyo, kosa si lako. Mwambie mtu unayemwamini nje ya nyumba, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya kuripoti mtoto anayeumizwa, bila malipo, na kama hujafika miaka 18, mtoto huyo ni pamoja na wewe. Mshahara ukizuiwa, chama cha CHODAWU kinahudumia wafanyakazi wa majumbani.

Hatua ya 9: Kuondoka

Toa taarifa: siku 7 ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza, siku 28 baada ya hapo kama unalipwa kwa mwezi. Mwajiri naye anadaiwa hivyo hivyo. Usiondoke alfajiri kimyakimya ukimwacha mtoto amelala.

Mtoto wa miaka miwili na kuendelea mwambie siku mbili tatu kabla, kwa maneno mafupi: "Dada anarudi kwao. Atakuja dada mwingine. Mama yupo." Usimdanganye kwamba unakwenda dukani, atakaa getini akikungoja. Ikiwezekana kaeni siku moja na dada mpya, umwonyeshe wimbo wa kumlazia, kikombe anachokipenda, na umkabidhi daftari.